Jirani Asiye na Moshi

Barua ya kwanza ya Marjut ilinifikia Jumanne moja ya mwezi wa nne, siku ambayo haikuwa na lolote la kukumbukwa. Theluji ilikuwa imeanza kulegea kandokando ya barabara, kahawa ilikuwa imenimwagikia kwenye kiti cha gari kama kawaida, na nilikuwa nimebakiza masanduku kumi na moja ya barua kabla ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa mpeleka barua wa Kelojoki, kaskazini kabisa, kwa miaka ishirini na miwili. Kilomita mia moja na sitini kwa siku, watu mia tatu na kidogo, na kila mwaka masanduku mawili matatu nayang'oa kwa sababu waliokuwa wakiandikiwa hawapo tena.

Kwa kuwa tulikuwa tunapungua namna hiyo, halmashauri ikanipa kazi ya pili. Watu wa kusini, wa Helsinki na Tampere na Turku, walikuwa wanaandika kuulizia habari za kuhamia kwetu, na pale ofisini hakuna aliyekuwa na subira ya kuwajibu. Wakaniambia, Tuovi, wewe unaijua kila njia na kila nyumba, wajibu wewe. Nikawajibu. Maswali yalikuwa yale yale. Baridi inafika wapi? Arobaini chini ya sifuri, na pua itakuambia kabla ya kipimajoto. Giza linakaa muda gani? Jua linatuaga mwanzoni mwa Desemba na kurudi Januari, na katikati hapo mchana mnapata saa tatu za mwanga wa buluu, basi. Gari litawaka asubuhi? Litawaka, ukilichomeka kwenye umeme usiku ili injini ipate joto. Mabomba yataganda? Duka liko umbali gani, na daktari je? Nani anasafisha barabara? Hilo la barabara nililijibu kwa fahari, maana msafishaji ni kaka yangu Kaleva na trekta lake la njano. Na mwishoni kabisa, kwa aibu kidogo, karibu wote waliuliza: watu wa huko watatupokea?

Wengi waliuliza wasije. Waliokuja, walikuja mwezi wa sita, wakalisifu jua lisilozama, na ilipofika Novemba wakafunga virago.

Marjut aliandika kwa mkono, herufi za duara kama za mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mpishi wa shule huko Turku. Miaka tisa alikuwa amemuuguza mama yake mpaka akamzika. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa ameona tangazo la nyumba, ile ya mwisho kwenye njia ya ziwa Ahvenlampi, na ameipenda. Maswali yake yalikuwa kama ya wengine, yamepangwa vizuri, isipokuwa la mwisho. "Nikianguka ndani na nisiweze kuinuka," aliandika, "itapita siku ngapi kabla mtu hajajua?"

Nilikaa na karatasi ile ndani ya gari, injini inanguruma. Nyumba ile ilikuwa ya Oiva.

Oiva alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, kapera, aliyekata miti msituni maisha yake yote. Maneno yake kwa mwaka mzima yangeenea kwenye bahasha moja. Alijulikana kwa jambo moja tu: njia zake. Theluji ikianguka, Oiva alitoka na beleshi akachonga njia kutoka mlangoni hadi banda la kuni, kingo zimenyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu. Watu walimtania kwamba anatumia rula.

Januari moja aliacha kuja kuchukua gazeti lake. Sanduku lake lilikuwa pale njia panda, kilomita mbili kutoka kwake, peke yake baada ya mimi kuwang'olea majirani zake masanduku yao. Siku ya tatu nikaona limejaa. Siku ya sita nikafunga magazeti kwa kamba, nikayatia kwenye mfuko, nikauning'iniza chini ya sanduku. Baridi ilikuwa thelathini na nane. Nikajiambia, ana mafua. Nikajiambia, Kaleva lazima amemwona. Na Kaleva, aliyekuwa anapita na trekta, akajiambia kwamba Tuovi lazima amemwona.

Ilipita wiki saba. Binamu yake wa mji wa Oulu ndiye aliyepiga simu kuuliza. Kaleva akaenda, akamkuta kwenye kile chumba kidogo cha mlangoni, amekaa kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote, glavu mkononi, beleshi mapajani. Alikuwa amejiandaa kutoka. Daktari alisema ni moyo, kitu cha dakika moja, hakujua hata kilichompata. Sisi sote tuliyashika maneno ya daktari kwa mikono miwili. Lakini miezi baadaye, siku aliyokunywa kidogo, Kaleva alinieleza kitu ambacho hakuwaambia polisi. Kwenye barafu iliyoganda dirishani, upande wa ndani, palikuwa na kitundu kilichokwanguliwa kwa kucha. Ukubwa wa sarafu. Kilitazama barabarani.

Nikamjibu Marjut. Niliandika: "Siku moja. Huku jirani humwangalia jirani. Asubuhi ukiona dohani ya mwenzako haitoi moshi, unakwenda kumgongea." Na ni kweli kwamba hiyo ndiyo desturi yetu.

*

Alihamia mwezi wa nane. Mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na viatu vya mjini ambavyo Kaleva alivitazama kwa huruma. "Hivyo ni vya kuzikiwa au vya kutembelea?" akamuuliza, na Marjut akacheka mpaka akashika gari. Alijifunza haraka. Alinunua kuni mapema, akatia viazi kwenye shimo la akiba, akabandika namba yangu ya simu ukutani. Kila siku kama saa tano alikuja kwa miguu njia panda kupokea gazeti kutoka mkononi mwangu, na tukasimama dakika kumi tukizungumza. Alisema kwao Turku alikuwa anapika chakula cha watoto mia nne kila siku, na jioni anarudi kwenye nyumba ambamo hakuna anayemuuliza kama naye amekula.

Kila Jumapili alinialika kahawa. Kila Jumapili nilikuwa na udhuru. Sikutaka kuingia kwa kupita kwenye kile chumba kidogo cha mlangoni.

Theluji nzito ya kwanza ilianguka mwisho wa Oktoba. Asubuhi ile akanipigia simu, sauti imejaa furaha. Akaniomba nimwambie kaka yangu asante. Ameamka akakuta njia imesafishwa, kutoka mlangoni hadi banda la kuni, safi kabisa.

Kaleva alikuwa jikoni kwangu, anachovya mkate wa iliki kwenye kahawa. Nikampa salamu zake.

"Mimi sijafika kwake leo," akasema. "Na hata ningefika, dada, trekta langu halipiti pale. Ile njia ina upana wa meza hii."

"Basi kasafisha mwenyewe akasahau."

"Kasema ikoje?"

"Safi. Kingo zimenyooka."

Kaleva akaweka kikombe chini. Mkate wake ulibaki umezama mle ndani mpaka ukayeyuka.

*

Novemba nzima Marjut alikuja njia panda na habari za jirani yake. Ndivyo alivyomwita: jirani. Alidhani ni mzee fulani wa ng'ambo ya ziwa, mwenye haya, anayepita na ski, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, kabla yeye hajaamka. Ng'ambo ya ziwa hakuna nyumba, lakini sikumwambia. Alisema humsikia tu. Kwaa, kwaa, kwaa, beleshi linakwangua. Akifungua mlango, sauti inahamia nyuma ya banda. Akaanza kumwachia kahawa kwenye ngazi, na kipande cha mkate. Akirudi anakuta kikombe kimegeuzwa juu chini, kikavu.

"Wanaume wa huku mna kazi nao," akaniambia, anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Unajua, dada Tuovi, tangu mama augue hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu bila mimi kumwomba."

Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Alikuwa amesimama mbele yangu, pua nyekundu, ameshika gazeti kifuani. Nilifungua mdomo. Nikamwambia avae soksi mbili mbili, baridi inakuja.

Desemba jua likaondoka. Jumatatu moja Marjut hakuja njia panda. Jumanne hakuja. Jumatano nikakuta magazeti mawili ndani ya sanduku, na mkono wangu umeshika la tatu.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua kwamba gazeti lilianguka, na kwamba niliingia kwenye gari nikakata kona kuelekea ziwani. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, mwanga wa buluu umeenea juu ya kila kitu kama maziwa yaliyotiwa wino. Kaleva alikuwa amesafisha barabara hadi mwisho. Pale mwisho, mahali palipokuwa na geti la Marjut, palikuwa na ukuta.

Ukuta wa theluji. Ulinipita urefu. Haukuwa umeletwa na upepo, upepo haushindilii namna ile. Ulikuwa umejengwa, beleshi juu ya beleshi, umepigwapigwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na ulitoka kwenye miti ya kushoto mpaka miti ya kulia.

Nikapiga kelele kuita jina lake.  Juu ya ukuta dohani ilikuwa inatoa moshi.

Nilipanda kwa magoti na viwiko. Nilipofika juu nikauona uwanja wote. Njia kutoka mlangoni hadi banda la kuni. Njia hadi sauna, kibanda cha kuogea mvuke. Njia hadi kisimani, hadi kwenye shimo la viazi, njia imeizunguka nyumba yote. Kingo zimenyooka. Theluji yote iliyotolewa huko ilikuwa imebebwa, kila chembe, ikatupwa upande mmoja. Upande wa barabara.

Kwenye njia hizo palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, mwanamke, miguu midogo. Zilikwenda kila mahali na kurudi mlangoni.

*

Marjut alikuwa mzima. Alinifungulia akiwa na aproni, mashavu mekundu, jikoni kunanukia iliki. Nilipita kwenye chumba cha mlangoni bila kutazama benchi. Mlango wa kuingilia jikoni ulikuwa na kioo, na kioo kilikuwa kimeganda barafu upande ule wa chumba kidogo, kikawa cheupe.

Alinimiminia kahawa. Alisema alitaka kuja njia panda, lakini ukuta umekuwa mrefu, na yeye si mtu wa kupanda. Alisema hayo kama mtu anayezungumzia mvua. Nikamwambia achukue koti, twende kwangu, tutazungumza huko. Akaniuliza kwa nini. Nikasema tu, twende.

Ndipo akanitazama vizuri.

"Kabla yangu alikaa nani hapa?" akauliza polepole.

Nikamwambia. Nikamwambia yote: gazeti, kamba, mfuko, baridi thelathini na nane. Benchi. Koti. Beleshi. Nilizungumza nikiwa natazama kitambaa cha meza. Nilipomaliza, kuni zilikuwa zinapasuka jikoni.

"Wiki ngapi?"

"Saba."

"Uliniandikia siku moja."

 Ningekuwa na jibu ningekuwa nimelitoa miaka miwili nyuma.

Nje, nyuma ya nyumba, ikaanza. Kwaa. Kwaa. Kwaa. Pole pole, kazi ya mtu asiye na haraka. Ilizunguka kona. Ilipita chini ya dirisha la jikoni. Nilitazama. Niliona theluji ikiinuka, bonge zima, likaruka hewani kuelekea barabarani. Sikuona mtu. Bonge lingine. Na lingine.

Marjut hakugeuza kichwa.

Sauti ilifika kwenye ngazi. Ikanyamaza. Mlango wa nje ukafunguka, nikasikia bawaba. Ukafungwa. Kitu kizito kikaegemezwa ukutani. Benchi likalia, kama linavyolia likikaliwa.

Nikasema jina lake. Sikuwa nimelitamka tangu tulipomzika. "Oiva," nikanong'ona, "nisamehe."



Halafu kwenye kioo cheupe, upande wa kule, ukucha ukaanza kukwangua. Taratibu sana. Barafu ikadondoka kama unga. Kitundu kikafunguka, ukubwa wa sarafu. Ndani yake mlikuwa na giza. Giza lile likasogea karibu.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Marjut akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Usimwogope," akaninong'oneza. "Anaangalia tu kama nimeamka."

Nilimvuta. Nilimwambia tutoke dirishani, gari liko pale, Kaleva atakuja na watu. Alisimama kama mti. Hakuwa amerogwa, nataka mlielewe hilo. Macho yake yalikuwa macho ya mtu mwenye akili timamu aliyekwisha piga hesabu yake.

"Wewe ulikuja siku ya tatu," akasema. "Yeye anakuja kila siku."

Alinifungulia dirisha la upande wa sauna mwenyewe. Akanipa glavu zangu. Nilipokuwa naupanda ukuta, nilimsikia nyuma yangu akilifunga lile dirisha kwa uangalifu, baridi isiingie.

*

Kaleva aliuvunja ukuta kwa trekta siku ile ile. Kesho yake tukaukuta umesimama tena. Akauvunja. Ukasimama. Mara ya tatu alirudi kwa miguu, kofia mkononi, masikio meupe kwa baridi, akasema trekta libaki huko huko. Nilimuuliza kumetokea nini. Alikaa mezani kwangu mpaka jioni.

"Nilikuwa nauvunja upande huu," akasema mwishowe, "na yeye anaujenga upande ule. Nilikuwa nasikia anavyohema."

Tukawaita watu wa ofisi ya halmashauri. Wakaja wawili, wakapanda ukuta, wakanywa kahawa kwa Marjut, wakamuuliza kama anahitaji msaada. Akasema hapana, ana kuni, ana viazi, ana unga. Wakasema mtu mzima hawezi kuhamishwa kwa nguvu kwa sababu ya theluji. Walisema kweli. Mmoja wao alinisifia uwanja wa Marjut, akasema hajaona njia safi namna ile tangu utoto wake.

Kwa hiyo nikafanya jambo pekee lililokuwa mikononi mwangu. Nilikwenda kila siku. Baada ya sanduku la mwisho, mchana ule wa buluu, nikapanda ukuta na gazeti lake. Sikuingia ndani. Marjut alifungua dirisha la upande wa sauna, nikampa gazeti, akanipa kikombe, tukazungumza dakika kumi kama zamani. Alikuwa amekonda kidogo. Hakuuliza tena habari za mjini wala za mtu yeyote. Mara nyingine katikati ya maneno alinyamaza, akageuza sikio kuelekea mlangoni, akatabasamu. Nikienda siku za Krismasi nilikuta mezani sahani mbili.

Nilidhani nikija kila siku itatosha. Nilidhani kuna mizani mahali fulani.

Baada ya Mwaka Mpya ikaja dhoruba. Ilivuma siku tatu, umeme ukakatika, barabara ikapotea. Nilimpigia Marjut simu mpaka simu yangu ikazimika. Siku ya nne kulipotulia, tukatoka na Kaleva kwa ski, maana gari lisingepita. Tulikwenda kwa muda wa saa tatu. 

Ukuta ulikuwa umefika kwenye paa. Haukuwa tena ukuta wa geti. Ulikuwa umeizunguka nyumba yote, na nyumba ilikuwa chini yake kama yai kwenye kiota. Kilichoonekana ni dohani tu. Na dohani ilikuwa inatoa moshi.

Tulichimba. Kaleva alichimba akilia, sikuwahi kumwona analia, hata mama alipokufa. Tulipoufikia mlango, haukuwa umefungwa.

Ndani kulikuwa na joto. Kuni zilikuwa zinawaka jikoni, zimetiwa si zaidi ya nusu saa iliyopita. Sakafu imefagiwa. Kwenye kitambaa karibu na beseni palikuwa na vikombe viwili vimegeuzwa juu chini, na bado vinachuruzika maji.

Kitanda kimetandikwa. Koti la Marjut halikuwepo kwenye msumari. Buti zake hazikuwepo.

Kioo cha mlango wa jikoni kilikuwa kimeganda cheupe, kizima, hakina kitundu hata kimoja. Kaleva akasogea akakitazama muda mrefu. Halafu akatazama benchi, nami nikalitazama. Mbao zake zilikuwa zimelowa mahali pawili, karibu karibu.

Polisi walikuja na mbwa. Mbwa waliingia kwenye chumba kile cha mlangoni, wakalala chini, wakakataa kuinuka. Walitafuta msituni, wakatoboa barafu ya ziwa mahali kumi na nne. Juu ya ile theluji yote iliyotuzunguka hapakuwa na nyayo zaidi ya zetu wawili. Mwezi wa tano ilipoyeyuka tukapita tena, mstari mmoja, watu ishirini, bega kwa bega, tukipapasa majani kwa fimbo. Hatukupata hata kifungo.

Katika ripoti waliandika kwamba alitoka wakati wa dhoruba na akapotea. Inatokea huku.

Nyumba ikafungwa. Umeme ukakatwa, dohani ikazibwa kwa bati, mlango ukapigwa misumari. Binamu mmoja wa Marjut alikuja kutoka kusini akachukua sufuria na picha za mama yake Marjut. Aliniuliza kama Marjut alikuwa na furaha hapa. Nilimwambia ndiyo, na katika majibu yote niliyowahi kumpa mtu kuhusu kuhamia Kelojoki, hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu nadhani ni la kweli.

Niliacha kujibu barua za watu wa kusini. Kazi ya posta nikaiendeleza, nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Theluji nzito ya kwanza ya majira yaliyofuata ilianguka tarehe tano Novemba. Ilianguka usiku kucha, na asubuhi kulikuwa shwari, jua dogo jekundu linatambaa juu ya misonobari. Sikuwa na barua ya kupeleka upande wa ziwa, hakuna aliyebaki huko. Nilikwenda hivyo hivyo. Kaleva hakuwa amesafisha ile njia, kwa hiyo niliacha gari njia panda nikaenda kwa ski, kilomita mbili juu ya theluji ambayo hata sungura hakuwa ameikanyaga.

Misumari ilikuwa bado mlangoni. Bati lilikuwa bado juu ya dohani. Hakukuwa na nyayo, si za kuja wala za kwenda.

Kutoka mlangoni hadi banda la kuni palikuwa na njia mbili zilizochongwa, sambamba, zimeachana hatua moja. Ya kulia kingo zake zilinyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ya kushoto ilipinda, ikapanuka, ikapungua, beleshi limechimba mno hapa na kuruka pale, kama ya mtu yeyote wa kusini katika msimu wake wa kwanza, ambaye bado anafundishwa.